Soda niliyoliwa na mnyama wa Ruhuhu

Nina kibanda cha steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, mashine mbili za fotokopi, moja nzima na nyingine inaenda kwa maombi, printa moja na ka-mashine ka laminesheni. Wenye vibanda kama vyangu wanajua, tunasoma kila kitu bila hata kutaka. Barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, vyeti vya kuzaliwa, na zaidi ya yote notsi za wanafunzi, ambazo ndo ugali wangu.

Sasa siku moja mwezi wa tatu, mvua imekomaa, umeme unakatika na kurudi, kaja binti wa jirani yangu anayeuza vitunguu, yuko kidato cha tatu, ana notsi za baiolojia anataka kopi thelathini. Zenyewe zilishakuwa kopi ya kopi ya kopi, herufi zimevimba kama zimelowa. Wakati tunasubiri mashine ipate moto nikaamua kujionyesha. Nikamwambia unajua sisi Tanzania tuna dinosaria wetu, yule wa Tendaguru kule Lindi, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakambeba, leo yuko Berlin amesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, na huyo ndo wetu, huku Nyanda za Juu tuna viazi na baridi tu.

Akaniangalia. "Anko, na Asilisaurus kongwe je?"

Nikacheka mpaka mteja wa pembeni akageuka. Nikamwambia jina hilo umelitunga sasa hivi, mnyama wa mamilioni ya miaka ataitwaje kongwe, hilo neno la wazee wa kijiweni. Tukabet soda.

Nikaliwa. Asilisaurus kongwe yupo, alitangazwa mwaka 2010 na kundi la watafiti akiwemo Sterling Nesbitt, na jina limetoka kwenye Kiswahili hichohicho, asili na kongwe. Alitoka bonde la mto Ruhuhu, ule unaoingia Ziwa Nyasa pale jirani na Manda, wilaya ya Ludewa. Yaani Njombe hapo! Mimi nimepanda basi kwenda Njombe sijui mara ngapi kufuata mzigo na sijawahi kusikia mtu hata mmoja kwenye basi akitaja. Na sio mfupa mmoja, walipata mabaki ya wanyama wasiopungua 14 wa aina hiyo, ukubwa kama wa mbwa hivi, wanatembea kwa miguu minne, mdomo kwa mbele umechongoka kama wa ndege na meno yanayoonyesha alikuwa anakula majani. Sio dinosaria kamili, ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria, kama mtoto wa baba mdogo. Kabla yake watu walidhani mababu wa dinosaria walikuwa vijitu vidogo vya miguu miwili vinavyokimbizana na nyama. Kumbe ndani ya ukoo walishakuwepo wala majani wa miguu minne, na mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Usiku ule nikamaliza bando lote la wiki. Mke wangu akauliza unasoma nini, nikasema mijusi, akageukia ukutani.

Kilichonishika kuliko vyote ni huyu anayeitwa Teleocrater. Hadithi yake inaanzia 1933, Mwingereza mmoja Rex Parrington alikuja bonde hilohilo la Ruhuhu akaokota mifupa mingi tu, ikafungwa masandukuni ikaenda Uingereza. Miaka ya hamsini kijana mmoja Alan Charig akapewa kuichambua kwa ajili ya tasnifu yake ya pale Cambridge, akaimaliza 1956, na humo ndani mnyama akampa jina kabisa, Teleocrater. Ila hakulitangaza rasmi. Mifupa ilikuwa na mapengo, na pengo baya kuliko yote lilikuwa kifundo cha mguu. Hakikuwepo. Charig akazeeka, akafariki 1997, jina likabaki kwenye tasnifu na mifupa ikabaki kwenye droo za makumbusho London.

Mimi hiyo hali naijua kwa kazi yangu. Mtu anakuletea kitini cha kurasa 40, ukurasa wa 14 haupo, na wewe unakopi hivyohivyo kwa sababu utafanyaje, na kizazi kizima cha wanafunzi kinasoma kikiruka kutoka 13 kwenda 15, kila mmoja anajibuni katikati palikuwa na nini. Wengine wanabuni vizuri tu. Halafu siku moja mtu anatokea na ile orijino, ukurasa wa 14 upo, na kumbe jibu lilikuwa kinyume na walivyobuni wote.

Mwaka 2015 watafiti wakarudi Ruhuhu wakachimba, wakapata mabaki ya wanyama wengine wasiopungua watatu wa aina ileile. Safari hii kifundo kikawepo. Na kilikuwa kifundo cha mamba.

Sasa hapa nieleze taratibu, maana hata mimi ilinichukua siku mbili na paja la kuku. Mamba na ndege (na dinosaria wote, maana ndege ni dinosaria waliobaki) wana babu mmoja wa zamani sana, halafu ukoo ukagawanyika, kuna tawi la mamba na kuna tawi la ndege. Wataalamu walikuwa wanayatofautisha matawi hayo kwa vitu vingi lakini kifundo cha mguu kilikuwa alama kubwa. Kwa mamba kile kifundo kina mifupa miwili inayozungushana, mmoja una kichwa kinaingia kwenye kikombe cha mwenzake, kwa hiyo mguu unaweza kujipinda kwa upande na mnyama anatambaa au anajiinua anavyotaka. Kwa ndege ni bawaba tu ya mlango, mbele nyuma basi.

Nenda kwa mama ntilie yeyote, omba mguu wa kuku ambao haujakatwa ile sehemu ya chini yenye magamba. Mimi nilifanya hivyo jioni moja hapo sokoni, mama akaniuliza baba unatafuta mchele? Shika paja kwa mkono mmoja, shika ile miguu ya magamba kwa mwingine, pale kati panapokatwaga na kisu ndo kifundo chenyewe, watu wengi wanadhani ni goti lililogeukia nyuma. Kunja. Kunjua. Sasa jaribu kukipinda kwa upande. Hakuna, kinagoma, ukilazimisha kinavunjika. Nilikaa pale nakunja na kukunjua mguu wa kuku mpaka supu ikapoa.

Kwa hiyo sheria ya zamani ilikuwa rahisi, ukikuta kifundo cha kuzungusha mweke kwa mamba, ukikuta bawaba mweke kwa ndege. Ni kama sisi hapa Mbeya tunavyofanya na majina, ukisikia mtu anaitwa Mwa-nani sijui, tayari ushamuweka, huyu Mnyakyusa, na mara nyingi unapatia. Halafu unakutana na Mwa-nani mwingine ametokea Taita huko Kenya, hajui hata Tukuyu iko wapi, ukimwambia ndaga anakutolea macho. Hapo ndo unagundua kwamba ile alama ni ya zamani na imeenea kuliko ukoo uliokuwa unauhesabia.

Teleocrater kafanya hivyohivyo. Kwenye fuvu ana shimo la kushikia misuli ya taya, na kwenye mfupa wa paja ana alama za misuli, zote za upande wa ndege. Lakini kifundo cha mamba, miguu minne, shingo ndefu, urefu wa mwili mita 2 hadi 3, uzito kilo 10 mpaka 30, mla nyama anayetembea chini chini kama kenge aliyenyooka. Wakati vitabu vilitegemea kwamba mtu wa kwanza kwenye tawi la ndege angekuwa kanyama kepesi ka miguu miwili, kama vile visukuku (mifupa ya kale iliyogeuka jiwe) vilivyopatikana Argentina. Maana yake kifundo cha kuzungusha hakikuwa uvumbuzi wa mamba, kilikuwa urithi wa babu wa wote, mamba wakakitunza na upande wa ndege wakaja kukipoteza baadaye. Kifundo kimoja tu hicho, na mstari wote wa "nani alianza na nini" ukageuka.

Jambo lilitoka 2017 kwenye jarida la Nature, na kwenye orodha ya waandishi wameweka na jina la Charig, miaka 20 baada ya kufariki. Hiyo ilinigusa, sitaficha. Na vile visukuku vipya namba zake zinaanza na herufi NMT, yaani ni mali ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, tofauti na vile vya 1933.

Na sio yeye peke yake aliyekaa kwenye droo. Nyasasaurus naye mifupa yake ilikusanywa na Parrington hukohuko, mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa za mgongo basi, ikaja kutangazwa rasmi 2013. Walichofanya ni kukata kipande chembamba cha mfupa na kukiangalia kwenye hadubini, mpangilio wake ukaonyesha mnyama aliyekuwa anakua haraka haraka kama dinosaria. Kwa hiyo huenda ndo dinosaria wa zamani kuliko wote waliowahi kupatikana, au kama sio dinosaria basi ni mlango wa pili. Na Mambawakale! Hili jina nilipoliona nikajua lazima kuna Mswahili kakaa kwenye kile kikao. Mamba wa kale, Mambawakale ruhuhu, fuvu refu kuliko sentimeta 75, liliokotwa 1963, limekuja kupewa jina 2022. Miaka 59 linasubiri cheti cha kuzaliwa. Mimi wateja wangu wanalalamika wakisubiri wiki tatu.

Nikajidai sasa nimekuwa mtaalamu, nikamwita binti nikamwambia basi wewe andika kwenye notsi zako, ndugu wa kwanza wa dinosaria walikuwa Ruhuhu miaka milioni 245 iliyopita. Akauliza swali moja tu. "Nani alipima?"

Nikarudi kwenye simu. Na hapa ndo pananichanganya mpaka leo. Ile miamba ya Manda, walimotoka wanyama wote hawa wa Ruhuhu, umri wake umekadiriwa kwa kulinganisha wanyama, yaani wanyama hawa wanafanana na waliopo kwenye miamba fulani ya Afrika Kusini na Argentina, basi miamba ni rika moja. Ni kama kukisia mwaka wa picha ya harusi kwa kuangalia suruali za watu. Inafanya kazi, lakini ukikuja kugundua kwamba zile suruali kuna mji zilivaliwa miaka kumi zaidi, hesabu inayumba. Na kweli kule Argentina kuna miamba ilipimwa upya ikaonekana michanga kuliko ilivyodhaniwa, kwa hiyo wapo wanaosema huenda na ya kwetu ni michanga kidogo. Ikiwa hivyo, Nyasasaurus hawi wa zamani kihivyo. Mjadala bado mbichi.

Kinachotakiwa pale ni majivu ya volkano. Watu wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa majivu, tumeyakalia, Rungwe pale, Ngozi pale na ziwa lake, na lile jiwe jepesi lenye vitundu la kusugulia visigino ambalo ukilitia kwenye beseni linaelea. Majivu yakianguka yanakuwa na vichembe vya madini ambavyo vinahesabu muda vyenyewe, maana ndani yake kuna elementi zinazooza kwa kasi inayojulikana, ukivipima maabara unapata umri moja kwa moja, hakuna cha suruali.

Na bahati nzuri huku bonde la Rukwa, upande wa Songwe, kuna miamba inaitwa ya Nsungwe yenye majivu ndani. Mwaka 2013 Nancy Stevens na wenzake wakatangaza wanyama wawili kutoka humo, Rukwapithecus, ambaye ni kipande cha taya chenye meno machache, na Nsungwepithecus, kipande cha taya chenye jino moja. Jino moja! Mimi nina wateja wana meno pungufu na hawajabadilisha sayansi. Lakini jino la nyani ni kama sahihi ya mtu, vilima na mabonde yake yanamtaja mwenyewe, na hao wawili mmoja anaangukia upande wa masokwe na sisi, mwingine upande wa nyani na tumbili wa kawaida. Umri wao, kwa majivu, ni miaka milioni 25.2. Watu wa vinasaba walikuwa wameshasema siku nyingi kwamba matawi hayo mawili yaliachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita, ila wa visukuku walikuwa hawana kitu cha uhakika cha zaidi ya milioni 20, kwa hiyo ni ugomvi, hawa wanasema mmepiga hesabu vibaya, hawa wanasema hamjachimba vizuri. Ikawa hawajachimba vizuri. Huku kwetu.

Mwezi wa saba nikapata safari ya kushuka Galula kufuata mpunga kwa mtu mmoja ananidai fadhila. Unatoka Mbalizi umejifunga sweta mpaka shingoni, gari linashuka na kushuka, kabla hujafika bondeni sweta liko mapajani na vioo viko chini. Nilikuwa na ajenda yangu ya siri. Jina hili la Galula ndo wamelipa tabaka la miamba myekundu ya huko, na humo wametoka vigogo kadhaa. Rukwatitan, 2014, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu. Shingopana songwensis, 2017, na hili sihitaji kulitafsiri kwa msomaji wangu, ila nitasema kwamba mifupa yake ilikuwa na vitundu vya wadudu, yaani baada ya mnyama kufa na kabla hajafukiwa mzoga ulikaa wazi wadudu wakatoboa mpaka mfupa, vile wanavyofanya kwenye milango yetu. Kwa hiyo hata mzoga ulikaaje pale nje unasomeka.

Na Pakasuchus, 2010. Huyu ni mamba wa nchi kavu wa ukubwa wa paka, fuvu lake linaenea kiganjani, na alipatikana mdomo umefumbwa kabisa. Ungefungua ungevunja. Wakampitisha kwenye sitiskani kama mgonjwa, na ndani wakakuta kitu ambacho mamba hana, chonge, halafu magego yenye vilima yanayokutana juu na chini. Alikuwa anatafuna! Mamba tunayemjua hatafuni, anakamata, anazungusha, anameza pande. Kutafuna tulifundishwa ni mambo ya mamalia, na hapa kuna mamba anatafuna kama mbuzi, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Jina la pili ni kapilimai, heshima kwa Mtanzania Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwenyeji wangu alipomaliza kupima mpunga nikamuomba anipeleke kwenye korongo lolote lenye udongo mwekundu. Akanipeleka bila kuuliza, ila njiani akasema wageni wenye nyundo ndogo na brashi za rangi wamepita sana huku, wanalala kwenye mahema, wanakunywa maji mengi. Tukafika. Mwamba wenyewe unaweza kuuchana kwa kucha, mchanga mwekundu uliogandana, katikati kuna mistari myeupe. Nilichuchumaa nusu saa. Nikaona kitu cheupe chenye vitundu, moyo ukapiga, nikakipangusa kwa kidole polepole kama nilivyoona kwenye video. Mwenyeji akainama akaangalia.

"Huo mfupa wa ng'ombe, kaka. Tulimchinja Pasaka."

Hata ungekuwa wenyewe nisingeubeba, na wewe usibebe. Kuna sheria ya mambo ya kale tangu 1964, hivi vitu ni mali ya umma, na tena mfupa ukishatolewa bila kuandika umetoka tabaka gani umebaki kuwa jiwe la kuwekea mlango, umri wake umeutupa.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote nilitakiwa kuyajua. Darasa langu tulipelekwa Isimila pale Iringa, tukaonyeshwa zana za mawe na zile nguzo za mchanga, tukapiga picha. Hapo Isimila pamepatikana mabaki ya kiboko wa aina iliyokwisha kupotea, Hippopotamus gorgops, ambaye macho yake yaliinuka juu ya kichwa kama periskopu ili achungulie akiwa amezama. Hatukuambiwa, au tuliambiwa na mimi nilikuwa nanunua muwa. Na hapa mjini kwetu mimi sijaona hata bango moja linalosema Pakasuchus alitokea mkoani humu (enzi hizo Songwe ilikuwa bado ni Mbeya).

Anyway. Zile notsi za binti zilikuwa na mstari unaosema mamalia ndo wanyama pekee wenye meno ya aina mbalimbali, na mwingine kwamba dinosaria walikuwa mijusi wakubwa. Nilimuomba aniachie kopi moja, nikafuta kwa koreksheni, nikaandika kwa mkono pembeni, Pakasuchus, Asilisaurus, Ruhuhu, miaka milioni 245. Ikawa ndo kopi mama. Wenzake wakaja, wakaja na wa shule ya pili, nimeshatoa kopi sio chini ya mia mbili na mwandiko wangu mbaya uko kwenye madaftari mpaka Uyole.

Wiki iliyopita binti kapita kuchukua soda yake ya pili, hiyo tuliibet kwenye jambo lingine nisingependa kulizungumza. Akaichukua kopi mama pale kaunta, akatoa kalamu, na mbele ya 245 akaweka alama ya kuuliza. Leo asubuhi mteja mmoja kanirudishia kopi zake tano, anasema mashine yangu inatoa madoa.